Malalamiko Dhidi ya Mchungaji Anayetaka Kuniharibia Ugomvi Wangu na Dada Yangu

Birkines, Manitoba
Alhamisi, msimu wa mavuno

Kwa Katibu wa Kanda,
Ofisi ya Makanisa,
Winnipeg.

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA KUMHAMISHA MCHUNGAJI ODETTE PELLETIER KABLA YA JUMAMOSI

Nakuandikia nikiwa na afya njema, akili timamu na hasira ya kiasi, kama inavyompasa mzee wa kanisa. Jina langu ni Tryggvi Hallson. Nimebatizwa katika kanisa hili la Birkines, nimeoa humu, nimemzika mke wangu humu, na kwa miaka mingi nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya majengo, maana yake paa likivuja naitwa mimi na bomba likiganda naitwa mimi. Sijawahi kuisumbua ofisi yako. Hata ile barua ya mwaka tuliogombania kinanda sikuiandika mimi, niliongeza tu maneno makali.

Kabla sijafika mbali, lijulikane jambo moja ili usinifikirie vibaya. Sina neno na mchungaji kwa sababu ni mwanamke, wala kwa sababu ameoana na mwanamke mwenzake. Hilo tulilipigia kura zamani, likapita, tukanywa kahawa. Judith, mwenzi wake, ndiye anayenitengenezea mashine ya kusukuma theluji, na tangu aishike haijakohoa tena. Sisi ni kanisa la watu waliofunguka macho. Bango letu la barabarani linasema tunamkaribisha kila mtu, na bango hilo nililipigilia misumari kwa mikono yangu. Ninachopinga ni kwamba sasa wanakuja.

Zamani Jumapili ilikuwa ya amani. Kila mtu alikuwa na benchi lake na nafasi ya kutosha ya kuweka koti. Leo kuna wauguzi wa Kifilipino, kuna familia kutoka Syria ambao wanasema wao ni Waislamu lakini wanapenda maongezi yetu, kuna vijana wa kiwanda cha samaki, kuna watu wenye nywele za zambarau. Juzi nilikosa mahali pa kuegesha gari. Ndugu Katibu, nilikosa mahali pa kuegesha gari kanisani, katika mji ambao hata benki ina nafasi.

Lakini hayo ni madogo. Naomba nikueleze makubwa kwa mpangilio.

Lalamiko la kwanza: mabenchi.

Mabenchi yetu yalielekea mbele, kama Mungu alivyokusudia. Mimi nilikaa kushoto, nyuma ya nguzo. Dada yangu Lauga, ambaye ni mkubwa kwangu na hajawahi kuacha kulikumbusha, alikaa kulia karibu na dirisha. Sijaongea na dada yangu tangu siku tuliyomzika mama yetu, na nguzo ile ilinisaidia sana kumcha Mungu. Basi mchungaji akaja kwangu akaazima spana yangu, akisema anataka kukaza kitu. Kumbe anafungua. Jumapili iliyofuata tukakuta mabenchi yamegeuzwa yanatazamana, upande wa kushoto unautazama wa kulia.

"Mzee Tryggvi," akaniambia, "miaka yote tumekuwa tukisali na visogo vya wenzetu. Sasa tutaonana nyuso."

Nikamjibu, "Mchungaji, kisogo hakijawahi kunikera."

Akacheka. Hilo nalo liandike: anacheka. Tangu hapo kila nikisema Amina na kufumbua macho, Lauga huyo mbele yangu, na kofia yake ya kijani, ananitazama kama mtu anayesubiri chenji. Na nguzo imebaki nyuma yangu haina kazi.

Huenda ukauliza ugomvi wenyewe ni wa nini. Ni wa keki, na usicheke. Sisi ambao mababu zetu walitoka Iceland tuna keki moja tu ya kuheshimika, vinaterta, matabaka membamba ya unga na katikati jamu ya plamu kavu yenye iliki. Mama yetu aliipika kila Krismasi, na juu yake hakuweka kitu. Juu kavu. Siku ya kumzika mama, udongo wa kaburi haujatulia, Lauga akaileta mezani imepakwa aisingi, ile krimu ya sukari, nyeupe pe pe pe. Nikasema mbele ya watu, kwa upole wangu wa kawaida: "Hii si keki ya mama." Lauga akasema: "Basi usile." Sikula, na sijala mpaka leo. Huo ndio msimamo.

Lalamiko la pili: mahubiri hayaishi.

Zamani mahubiri yalikuwa na mwisho. Ulisikia Amina, ulisikia harufu ya kahawa, ukajua umeokoka wiki nyingine. Sasa mchungaji akimaliza anafunga daftari lake na kuuliza, "Haya, nani ana swali? Nani anabisha?" Na watu wanabisha! Majuma machache yaliyopita tulisoma habari ya mwana mpotevu. Muuguzi mmoja, Mama Corazon, akanyoosha mkono akauliza: "Samahani jamani, hivi yule kaka aliyegoma, hatimaye aliingia kwenye karamu au alibaki nje na manung'uniko yake?"

Mchungaji akasema, "Sijui. Imeandikwa tu kwamba baba yake alitoka kumbembeleza."

Sijui! Mtu aliyesomea chuo cha theolojia! Kisha akatugeukia sisi, "Nyie mnaonaje?" Mmoja akasema aliingia aliposikia njaa. Mwingine akasema thubutu, bado yuko nje hadi leo na sasa anaumwa mgongo. Walijadiliana mpaka kahawa ikapoa. Katika muda wote huo kanisa zima lilikuwa na adabu ya kutonitazama. Ndugu Katibu, kanisa zima likijitahidi kutokutazama, unalihisi mpaka kwenye mifupa.

Lalamiko la tatu: watoto ndio walimu.

Mchungaji amegundua, eti, kwamba shule ya Jumapili inafaa watu wazima zaidi, na wanaofaa kuifundisha ni watoto. Mwalimu wangu ni binti wa Mama Corazon, jina lake Amihan, meno ya mbele hana. Alitukalisha kwenye viti vidogo, magoti yametufika kidevuni, akatugawia kalamu za rangi, akasema tumchore adui yetu na tumwandikie kitu kimoja kizuri. Nikachora. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Babu, mbona adui yako kavaa kofia ya bibi Lauga?"

"Imetokea tu."

"Na kitu kizuri chake je?"

Nikaandika: Anajua kupika. Nikapewa nyota ya dhahabu ya kubandika. Nyota hiyo iko kwenye mlango wa jokofu langu, na haijatoka kwa sababu gundi yake ni kali mno. Ofisi yako ichunguze gundi hizo zinatoka wapi.

Lalamiko la nne: Kwaya ya Wasiojua Kuimba.

Ipo. Inaitwa hivyo hivyo. Sharti la kujiunga ni uwe uliwahi kuambiwa unyamaze. Imejaa hadi wanasimama mlangoni, na wanaimba kwa furaha ambayo si ya kawaida kwa watu wa sauti zile. Sina la kuongeza ila kwamba nimeandikishwa bila hiari, kwenye sauti ya nne.

Lalamiko la tano: tunafua nguo za watu.

Hapa naomba ukae chini. Kila Jumanne kanisa linahamia nyumba ya kufulia iliyo pembeni ya kituo cha mafuta, kule wanakokwenda wasio na mashine nyumbani. Tunapeleka sabuni na kahawa. Mchungaji ametupa amri moja: "Msihubiri, msishauri. Fueni, sikilizeni." Nimeishi miaka yote hii nikiwa na ushauri wa kila namna, na ninakatazwa kuutoa! Kijana mmoja wa kiwanda cha samaki alinieleza habari za baba yake tangu mashine inaanza kuzunguka hadi inasimama, nami nikakaa kimya. Siku hizi akiniona mjini ananikumbatia. Mbele ya watu.

Lakini hilo nalo nililimeza. Kilichonishinda ni mashuka. Nyumba ya wazee ilituletea mashuka ya vitanda, lundo. Jaribu kulikunja shuka kubwa peke yako, Ndugu Katibu, uone utakavyojiviringisha kama sambusa. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mchungaji akaangaza huku na huku, kana kwamba hakupanga, akasema: "Mzee Tryggvi, shika ncha hizi. Dada Lauga, shika zile."

Nikamvuta kando. "Mchungaji, unajua fika mimi na huyu hatuongei."

"Sikuwaambia muongee, mzee wangu. Nimewaambia mkunje shuka."

Na shuka lilivyo na fitina! Mnasimama mbali, mnavuta, mnakunja, halafu lazima mtembee mkutane katikati mpaka vidole viguse vidole, mmoja aachie, mmoja apokee. Halafu mnaanza upya. Mkono wa dada yangu umekuwa mkono wa mama. Sikujua. Nyuma ya nguzo huwezi kujua kitu kama hicho. Nadhani niliduwaa, shuka likalegea.

"Vuta," akasema Lauga.

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ya mazishi.

"Navuta," nikasema.

"Huvuti, umeshika tu. Toka utotoni wewe ni mtu wa kushika tu."

"Na wewe toka utotoni ni kutoa amri tu, utadhani umezaliwa na filimbi mdomoni."

"Afadhali filimbi. Wewe ulizaliwa umenuna, mkunga alimwuliza mama kama kuna mtu amekukosea."

 Mchungaji alikuwa ameugeukia ukuta anakunywa kahawa, mabega yanamtikisika. Tukakunja lundo lote huku tunatukanana, matusi ya nyumbani yale ya zamani ambayo hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayeyajua. Nasema kweli mbele za Mungu, yalinipendeza. Nilipofika nyumbani nikajikuta nacheka peke yangu jikoni, kijiko mkononi. Mtu wa umri wangu! Hii ni huduma ya aina gani?

Lalamiko la sita, nalo ndilo la dharura.

Jumamosi hii kuna kitu kinaitwa Somo la Biblia la Jikoni. Watu wa kila asili wanaleta chakula cha kwao, wanakipika pamoja na wengine, na wakati kikiiva wanasoma habari za Abrahamu na wageni wake, au Martha na masufuria yake. Wasyria walipika wiki iliyopita, na nakiri nilirudia sahani. Jumamosi hii ni zamu ya vinaterta. Nimeona kwenye ubao wa matangazo, kwa mwandiko wa mchungaji: WALIMU: LAUGA NA TRYGGVI. Jikoni moja. Meza moja. Na bakuli la aisingi, bila shaka, kwa sababu namjua dada yangu.

Sasa hebu nikuonyeshe madhara yake, maana nyie wa ofisini huwa mnaona roho tu, hamwoni miundombinu. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Watu wa Birkines walichukua majembe siku ile ya mazishi na wamelima hadi wamestaafu. Mji umejipanga juu ya ugomvi wetu. Kwenye karamu ya mavuno kuna foleni mbili, ya wanaokula na Lauga na ya wanaokula na mimi. Kuna karamu mbili za chai ya Krismasi. Wanawake wa upande wake hawanunui viazi vyangu, na wanaume wa upande wangu hawamsalimii ila kwa kofia. Tukipatana, watu watakunywa chai ya nani? Watasengenya nini majira ya baridi, na baridi ya kwetu ni ndefu? Vijana wataona watu wawili wagumu kama sisi wamelegea, nao watalegea. Watasameheana ovyo ovyo. Mipaka ya mashamba itafutika, wanasheria watakosa chakula, na mwisho wake Bwana mwenyewe atarudi kabla ya wakati kwa kudhani kazi imekwisha. Na lawama itakuwa ya nani? Itakuwa ya kanda yako.

Isitoshe, hakuna haja. Lauga anahamia Kelowna, ng'ambo ya milima, kwa binti yake. Nyumba ameshaiuza, anaondoka kabla ya theluji. Mimi sikuambiwa, nimesikia dukani, muuza nyama akimweleza mtu mwingine. Kwa hiyo mkinisaidia kuvuta siku chache tu, ugomvi huu utaisha wenyewe kwa heshima, bila mtu kushindwa, yeye kule na mimi huku. Kila nikiliwaza hilo nakosa hamu ya kula, na hiyo ni dalili kwamba ni jambo jema lenye uzito.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

Kwanza, Mchungaji Pelletier ahamishwe kabla ya Jumamosi, apelekwe mahali ambapo watu wanapendana tayari, asiwe na la kufanya.

Pili, mabenchi yarudishwe. Spana ninayo.

Tatu, kanda itoe tamko, lisomwe katika makanisa yote Jumapili moja, kwamba aisingi juu ya vinaterta ni mafundisho potofu.

Natanguliza shukrani. Wasalimie wote hapo ofisini, mtunza hazina na mguu wake, wale wa idara ya vijana ingawa wenyewe si vijana tena, na yule anayepokea simu na kuniambia kila mara kwamba umetoka. Mwambie najua hukutoka.

Wako katika utumishi na katika msimamo,

Tryggvi Hallson
Mwenyekiti, Kamati ya Majengo

Tanbihi. Jumapili, baada ya ibada.

Barua hii ilibaki kwenye gari kwa sababu Ijumaa nilikuta posta imefungwa. Jumamosi nikapita kanisani kwa nia moja tu, kukagua bomba la jikoni. Lauga alikuwa ameshafunga aproni, akanitupia nyingine. "Umechelewa. Kanda unga." Nikakanda. Watu walikuwa wamejaa, Amihan kapanda juu ya kiti aone vizuri. Mambo yalikwenda salama, tukapanga matabaka, tukapaka jamu, na kisha, kama nilivyokuambia, likatoka bakuli la aisingi.

Nikasema, taratibu, "Lauga, mama hakuweka."

Akaweka kijiko chini. "Mama aliomba," akasema. "Miezi ile ya mwisho alipokuwa kwangu, ulimi wake haukuwa unaonja kitu tena ila sukari. Akaniambia, Lauga mwanangu, nipakie ile nyeupe juu, kama keki za dukani. Ndiyo keki ya mwisho aliyokula mama. Ndiyo niliyoileta siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Ulishatoka nje. Nilitoka na sahani kukutafuta, nikakuta gari limeondoka."

Ndugu Katibu, nililia. Nililia kama mtoto katikati ya somo la Biblia, mikono ina unga, na Mama Corazon akanishika kiuno huku na yule baba wa Kisyria akanishika huku, na hakuna aliyenipa ushauri. Kisha nikala. Nilikula kipande, nikaomba kingine. Ni tamu. Mama alikuwa sahihi, na tamko nililoomba usilitoe.

Kwa hiyo futa yote niliyoandika hapo juu. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu nimeshaibandika na mwandiko wake ni mzuri. Lauga ameisoma. Amesema ni ndefu, na kwamba kofia yake haijawahi kuwa ya kijani, ni ya samawati. Mchungaji Pelletier asiguswe. Nasikia kuna kanisa kubwa huko mjini linamtolea macho. Wakija kwako, waambie umetoka.

Kuhusu Kelowna, Lauga lazima aende, nyumba ina wenyewe sasa na binti yake anamhitaji. Nampeleka mimi kwa gari. Nilimwambia, dada, ndege ni haraka zaidi. Akasema hataki haraka, ana mambo ya miaka yote hii ya kuniambia, na anataka kuniambia nikiwa mahali ambapo siwezi kuinuka nikaondoka. Nyanda zote zile, na milima juu yake, ataongea yeye tu. Bomba likiganda mwiteni Judith. Tunaondoka Jumatatu, na gari nimeshalijaza mafuta.

T.H.